Ufaransa tambarare ndo Ufaransa ya baiskeli, milima waachieni wenyewe

Ikifika Julai simu yangu haipumziki. Mashindano ya baiskeli ya Tour de France yameanza, watu wanaangalia jamaa wanapanda mlima wa Alpe d'Huez, kona 21, mashabiki wamelewa wanakimbia pembeni na bendera, na kila ndugu na rafiki ananiandikia swali lile lile, we si unaishi huko na baiskeli unayo, unapanda lini? Jibu langu halijabadilika, sipandi, na wala sioni aibu. Milima ni ya wenye haraka ya kujitesa. Mi nasema sehemu tamu kuliko zote za kuendesha baiskeli Ufaransa ni zile ambazo kwenye tivii zinachosha, ile siku ya ngano na alizeti ambapo mtangazaji anaanza kusimulia makasri ya wafalme kwa sababu kwenye mashindano yenyewe hamna kinachoendelea.

Sababu ya kwanza ni barabara zenyewe. Ufaransa ina barabara zaidi ya kilomita milioni moja, mtu akisikia hivyo anawaza haiwei, kumbe haiwei na njia kuu za taifa ni kasehemu kadogo tu, karibu kilomita 700,000 ni vibarabara vya vijiji na nyingine kama 380,000 ni za mikoa, zile zenye herufi D kwenye kibao. Nyingi zilianza kama njia za mikokoteni. Mwaka 1836 ikapita sheria ya kulazimisha kila kijiji kitunze njia zake, huna hela unatoa nguvu, mpaka siku tatu kwa mwaka, wewe na punda wako na mkokoteni wako. Ndo maana mpaka leo kutoka kijiji kimoja kwenda cha jirani unakuta njia tatu nne za kuchagua na zote zina lami, lami nzuri kabisa, hata ile inayoishia kwenye geti la mfugaji mmoja.

Alafu watu wakaondoka. Vita ya 1914 hadi 1918 ilifyeka vijana (pita kijiji chochote, mnara wa majina upo karibu na kanisa, na ukisoma utaona ukoo mmoja umeandikwa mara tatu, mara nne), baadaye trakta zikaja, mashamba madogo yakaunganishwa, vichaka vya mipaka viking'olewa, na waliobaki bila kazi wakahamia mijini. Kuna mkanda mzima kutoka Meuse kule kaskazini mashariki mpaka Landes kusini magharibi ambao Wafaransa wanauita diagonali ya utupu. Watu wamepungua lakini lami haikwenda popote. Kwa hiyo huu utulivu ninaousifia una bei yake na aliyelipa si mimi, ni kile kijiji ambacho duka la mikate limegeuka nyumba ya wikendi ya mtu wa Paris na mgahawa bado una jina ukutani lakini mlango haufunguki. Kuna mzee nilimkuta anapaka rangi geti lake, akanionyesha shule, akanionyesha ilipokuwa posta, akanionyesha ilipokuwa baa, yani alikuwa ananitembeza kijiji ambacho hakipo tena. Kisha akanitakia safari njema. Niliendesha kama nusu saa bila kupishana na gari hata moja na nilifurahi, siwezi kudanganya, ila ilikuwa furaha yenye mushkeli kidogo.

Sasa mahali penyewe. Mi naishi Orléans kwa hiyo uwanja wangu wa nyumbani ni Beauce, ile nchi ya ngano kati ya Chartres na mto Loire. Wafaransa wenyewe wanaidharau, ukiwaambia unaenda kuendesha Beauce wanakuangalia kama umesema unaenda kupumzika kwenye paking. Hamna mti, hamna kilima, kuna ngano, shayiri, biti ya sukari, maghala makubwa ya nafaka na mitambo ya upepo. Lakini nenda uone. Anga ni kubwa kupita kiasi, mvua unaiona inanyesha kijiji cha tatu kutoka ulipo na una muda wa kuamua ukate kulia au kushoto uikwepe, na ukiwa unakuja Chartres kutoka kusini unaona minara miwili ya kanisa kuu, ule mmoja mfupi na mwingine mrefu, inachomoza juu ya ngano kabla hujaona nyumba hata moja ya mji. Inakaa hapo mbele yako, haisogei, unakanyaga na kukanyaga na bado iko pale pale, karibu uanze kuitukana.

Na hapo ndo tufike kwenye upepo, maana anayesema tambarare ni rahisi hajawahi kukaa Beauce na upepo wa usoni. Mlima una adabu, unajua unapoanzia na unapoishia, ukifika juu umemaliza na unateremka bure. Upepo hauna kilele. Hamna ua wa kuuvunja, hamna kona, barabara imenyooka, kasi yako inashuka mpaka unaona haya, na mbaya zaidi hakuna cha kumwonyesha mtu baadaye, huwezi kupiga picha ya upepo. Ila ukiwa nao mgongoni ni habari nyingine kabisa. Mashindano ya Paris-Tours, yaliyoanza 1896 na siku hizi yanaanzia Chartres, mwaka 2015 Matteo Trentin aliyashinda kwa wastani wa kilomita 49.64 kwa saa, zaidi ya kilomita 200 hizo jamani, wastani, sio mteremko. Miguu alikuwa nayo lakini na upepo ulikuwa wake.

Kwa hiyo kanuni yangu Beauce ni moja, usiende mzunguko. Mzunguko maana yake nusu ya siku utalia. Wazee wetu wa majahazi hawakubishana na msimu, walingoja kusi iwapeleke na kaskazi iwarudishe, na we fanya hivyo hivyo kwa msaada wa treni. Upepo mwingi huku unatoka magharibi na kusini magharibi, basi panda treni ya mkoa kutoka stesheni ya Paris Austerlitz mpaka Châteaudun au endelea Vendôme, shuka na baiskeli yako, rudi kaskazini hadi Chartres ukisukumwa, kutoka Châteaudun ni kama kilomita 45 na ukizungukazunguka vijijini zinakuwa hata 70, pitia Bonneval ule kitu, alafu treni ya kurudi Paris Montparnasse. Angalia utabiri jana yake. Upepo ukiwa wa kaskazini mashariki unageuza tu safari.

Najua wengi mtaniuliza mbona husemi Loire à Vélo. Nasema sasa. Ni njia nzuri ya baiskeli inayofuata mto Loire, kilomita kama 900 kutoka Cuffy karibu na Nevers mpaka Saint-Brevin-les-Pins kwenye bahari, vibao kila mahali, huwezi kupotea hata ukitaka, na ni sehemu ya ile njia ndefu inayokwenda mpaka Bahari Nyeusi. Kwa familia, kwa mtu anayeanza, kwa mwenye mabegi na hema, nenda kabisa. Lakini kama una baiskeli ya mbio na tairi nyembamba utakereka. Kuna vipande vya changarawe, kuna vibarabara vyembamba juu ya tuta, na mwezi wa nane maeneo ya Chambord na Amboise ni foleni, baiskeli za umeme, matrela ya watoto, mbwa, mtu amesimama katikati anapiga picha ya kasri. Hao hawana kosa lolote, wako likizo. Ila ule ukimya hauupati. Cha kuchekesha ni kwamba kilomita chache tu pembeni barabara za D ziko tupu, hamna mtu, kwa sababu watu wote wamefuata kibao.

Mi nikitoka Orléans navuka mto nashuka kusini naingia Sologne. Misitu, mabwawa, udongo wa mchanga, na barabara zilizonyooka zinazoingia msituni hadi unajiuliza kama zitatoka. Kivuli kipo, upepo haukupati, na Lamotte-Beuvron unakula ile pai ya matofaa ya kupinduliwa ya akina dada Tatin, palepale kwao. Lalamiko langu Sologne ni senyenge. Matajiri wa uwindaji wamezungushia misitu yao fensi ndefu pande zote mbili za barabara mpaka unajisikia we ndo uliyefungiwa, swala hawapiti, nguruwe pori hawapiti, ikabidi Februari 2023 ipitishwe sheria ya kuzishusha zisizidi mita 1.2 na ziache nafasi chini wanyama wadogo wapite. Alafu kuanzia Septemba mpaka Februari ni msimu wa kuwinda, ukienda vaa rangi ya kuonekana, sitanii.

Kusini kule kuna mto Garonne na mifereji. Mfereji wa pembeni ya Garonne kuanzia Toulouse mpaka Castets-en-Dorthe ni kilomita 193, na njia yake ina lami na kivuli cha miti ya platani, na pale Agen mfereji wenyewe unapita juu ya mto kwenye daraja la matao 23, boti zinapita juu na mto unapita chini, hiyo nakiri nilisimama kushangaa. Ila baada ya nusu siku unachoka. Maji kushoto, mti kulia, geti la maji, maji kushoto, mti kulia. Ule mwingine maarufu, Canal du Midi wa Pierre-Paul Riquet, uliochimbwa 1666 hadi 1681, ni mzuri zaidi kwa historia lakini ukishatoka mkoa wa Toulouse kuelekea Sète lami inaisha, inabaki vumbi na mizizi, na maelfu ya platani yamekatwa kwa sababu ya ugonjwa wa fangasi ulioonekana pale mwaka 2006. Upige picha, urudi kwenye barabara za D zinazopita mashamba ya mizabibu.

Na maeneo hayo hayo ya Agen, ukipanda kaskazini kidogo, ndo ilipo Villeneuve-sur-Lot ambapo Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua yake ya tatu (hatua ni siku moja ya mashindano) ya Tour ya 2024, mwaka ule aliovaa jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, mpaka mwisho. Ameshinda wapi? Siyo kwenye Alps, kwenye barabara za kawaida za mashambani. Tangu hapo nikipita vijijini kuna watoto wananipigia kelele "Girmay! Girmay!", mi wala si Mueritrea na kasi yangu mnaijua, lakini nawapungia mkono, nifanyeje. Zamani waliniangalia tu kimya. Na kusema ukweli mtu mweusi peke yake kwenye kijiji cha watu mia mbili anaangaliwa, pazia linasogea kidogo, dawa yake ni bonjour, we anza wewe, isalimie hata dirisha, kule asiyesalimia ndo mtu wa kutiliwa shaka, kama tu kwetu.

Mambo ya njiani kwa haraka. Gari likikupita nje ya mji linatakiwa likuachie mita 1.5 na wengi wanaacha, kuanzia Julai 2018 mwendo kwenye barabara hizi ulishushwa kuwa kilomita 80 kwa saa ingawa baadhi ya mikoa imerudisha 90. Vijijini angalia kulia, gari linalotoka kwenye kichochoro kisicho na kibao chochote lina haki ya kukutangulia. Kula ni mtihani, saa sita hadi saa nane mchana maduka mengi yamefungwa na Jumatatu duka la mikate lina uwezekano mkubwa limelala, beba chakula chako. Maji je? Makaburini. Najua kuna mtu ameshtuka, na mimi mwanzoni roho ilikuwa inasita, lakini karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba la kumwagilia maua, maji ni yale yale ya majumbani isipokuwa wameandika hayafai kunywa, unajaza chupa, unasema asante kwa wenyeji, unaondoka.

Kupanga njia usiiachie simu peke yake, zile programu zinakupeleka wanakopita wote au zinakutupa kwenye njia ya trakta yenye majani hadi magotini. Nunua ramani ya Michelin ya karatasi, zile njia nyekundu zikimbie, za njano pita asubuhi, nyeupe ndo zako. Na miezi nayo tofauti, Mei kuna maua ya njano ya kanola na pua zinawasha, Julai mwishoni ni mavuno na malori ya nafaka yanakimbia kweli kweli, Agosti joto. Mi nachagua Juni, katikati ya wiki, tairi za milimita 28 au 32, chupa mbili, na seti mbili za kuziba pancha kwa sababu fundi wa karibu yuko kilomita 30 na Jumatatu naye hafungui.