Mthamini wa nyumba za rehani: lalamikia kipimo kabla ya bei

Chukua nyumba ya Njiro, Arusha, iliyothaminiwa shilingi 114,400,000, ikawekwa rehani, kisha mnadani ikatoka kwa milioni 75. Mkopaji anaibana benki kwa kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi: bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji anachukuliwa kuwa hakutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Sheria inaangalia bei za nyumba zinazofanana, si ripoti ya uthamini, ila ripoti ndiyo karatasi ya kwanza kufika mezani. Hapo benki inamgeukia mthamini: ulivimbisha.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 imeweka Bodi ya Usajili wa Wathamini ya kupokea kesi hizi, na mthamini anaweza kufutwa kwenye daftari. Lakini "bei ilikuwa kubwa mno" peke yake si kosa la nidhamu. Fungua hesabu.

Sakafu mita za mraba 140 kwa shilingi 700,000 (namba za mfano) ni milioni 98. Toa uchakavu wa asilimia 20, zinabaki milioni 78.4. Kiwanja mita za mraba 600 kwa 60,000 ni milioni 36. Ndiyo hiyo 114.4. Sasa rudi na futi kamba: kumbe baraza la mita za mraba 20 limehesabiwa kwa bei ya chumba. Ukiliondoa lote, baada ya uchakavu ule ule wa asilimia 20, milioni 11.2 zinayeyuka. Mthamini mwingine angekata uchakavu asilimia 30, na milioni 9.8 zingeondoka vilevile. Kwa shilingi yanakaribiana; kwa nidhamu ni mbingu na ardhi. La kwanza yeyote anaweza kulipima upya, la pili ni maoni ya kitaalamu. Kundi la kwanza lina wenzake: bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) hazikutafutwa, mthamini akaoneshwa kiwanja cha jirani (Moshono na Muriet, huko huko Arusha, viwanja hufanana kama mapacha), au upekuzi wa hati uliachwa.

Wathamini wana hoja: wakiitwa kwenye Bodi kila mnada ukienda vibaya, watashusha thamani kujikinga, na atakayeumia ni fundi au mfanyabiashara mwenye nyumba nzuri anayenyimwa mkopo. Naikubali, ila isiwe kichaka cha kujificha.

Moshi pana mtego wake. Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, cha Kibosho kina migomba, kahawa na makaburi ya babu. Mthamini akikata asilimia 30 kutoka thamani ya soko na kuiita thamani ya mauzo ya lazima (bei inayotarajiwa mnadani), amenakili mazoea ya mjini. Nani wa nje ya ukoo atapandisha bei mbele ya makaburi hayo? Ripoti isiyotaja hilo ina kasoro hata kama hesabu zake zimenyooka.

Kuna na suala la nani analipa. Ada hutoka mfukoni mwa mkopaji, mteja ni benki, na afisa mikopo anataka faili lipite. Marekani, sheria ya fedha ya Dodd-Frank ya 2010 ilikataza kumshinikiza mthamini, na mkopaji wa nyumba hupewa nakala ya uthamini, kwa kawaida siku 3 za kazi kabla ya mkataba wa mkopo kukamilishwa. Mkopaji wa Kijenge, Arusha, akiomba nakala yake anaweza kujibiwa kuwa ripoti ni mali ya benki, na baraza lile la mita 20 atalijua siku nyumba imeshapigwa nyundo.