Tume ya ardhi ya Burundi: kugawana shamba hakukuwa kuhalalisha wizi

Ikitajwa CNTB, Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine ya Burundi iliyoundwa mwaka 2006 kuamua migogoro ya ardhi kati ya wakimbizi waliorejea na waliowakuta kwenye mashamba yao, na kumaliza muda wake mwaka 2022, wengi wetu huku Tanzania tunakuwa tumeshachagua upande. Tumeishi na wakimbizi wa 1972. Makazi yao ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo si majina ya kwenye ramani tu kwetu. Tuna wakwe huko. Kwa hiyo tukisikia kwamba mtu alirejea Rumonge, kusini mwa Burundi, mwaka 2008, baada ya miaka 36, akaambiwa agawane shamba la baba yake na mtu aliyemkuta analima hapo, jibu linatutoka bila kufikiri: huo ni wizi uliogongwa muhuri.

Jibu hilo lina uzito. Waliokimbia mwaka 1972 hawakuhama kwa hiari. Walikimbia mauaji yaliyosimamiwa na dola, na dola hiyohiyo ikageuka ikawagawia wengine mashamba yao. Waliogawiwa hawakuwa maskini peke yao. Walikuwamo maofisa na wanajeshi waliojichotea vipande vinono vya uwanda wa Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, na watu hao sina la kuwatetea. Monsinyori Sérapion Bambonanire alipoanza kuiongoza tume mwaka 2011 alikuwa na msimamo usiohitaji maelezo mengi: mali irudi kwa mwenyewe, yote, na kama kuna wa kumfidia anayeondoka, basi ni serikali iliyompa kisichokuwa chake. Kisheria ni hoja safi. Kimaadili pia, ukiitazama kwa mbali.

Shida inaanza ukisogea karibu. Chukua hekta moja ya michikichi Rumonge. Mfano huu nimeutunga, ila mambo yake yote ni ya kawaida kule. Mwenye shamba anavuka ziwa mwaka 1972. Mwaka unaofuata serikali inamkabidhi shamba mkulima aliyeteremka kutoka milimani Bururi. Baadaye unakuja mradi wa serikali wa michikichi ya mbegu bora: miti ya zamani inang'olewa, mipaka inafutwa, inapandwa mipya kwa mistari iliyonyooka, na mkulima anaipalilia kwa miaka mingi. Anafariki. Wanawe wanagawana, mmoja anauza kipande chake kwa mwalimu wa shule ya msingi, naye anakifuatilia hadi anapata hati. Vita vya 1993 vinamchomea mwalimu nyumba. Anaijenga upya. Kisha mwaka 2008 anabisha hodi mtoto wa yule wa kwanza, amezaliwa kambini, anatafuta mti na kijito alivyosimuliwa na baba yake. Mti haupo. Michikichi iliyopo hakuipanda baba yake.

Hapo nani mwizi? Mwalimu alinunua kwa fedha halali, kwa karatasi halali, na vita vimemwumiza naye. Tusijidanganye pia kwamba ilikuwa Mhutu anamdai Mtutsi tu. Chama cha UPRONA, chenye wafuasi wengi Watutsi, kililalamika kwamba tume inawapendelea Wahutu, na kisiasa lalamiko hilo lilishika, lakini mashauri mengi ya Rumonge na Makamba yalikuwa ya Wahutu kwa Wahutu, pengine ndugu wa ukoo mmoja: aliyekimbia na aliyebaki.

Kuna namba moja ambayo kila nikiirudia naona imebeba mgogoro wote: 30. Sheria ya ardhi ya Burundi ya 1986 ilimtambua kuwa mmiliki mtu aliyekalia ardhi kwa miaka 30 bila kupingwa. Hesabu kutoka 1972 unafika 2002. Yaani muda ulitimia wakati ambapo vita vilikuwa vinaelekea kuzimwa na wakimbizi wakijiandaa kurudi. Mtetezi wa wakimbizi atasema, na atakuwa amesema kweli, kwamba muda hauwezi kumhesabia mtu aliyezuiwa na bunduki asije kupinga. Lakini mwalimu naye aliisoma sheria ilivyoandikwa. Alijenga kwa kuiamini. Ukimwambia leo kwamba miaka ile haikuhesabika, unamwambia kwamba sheria aliyotegemea haikuwahi kuwa sheria, na anayemwambia hivyo ni serikali iliyoitunga.

Ndiyo maana nasema viongozi wa mwanzo, tume ikiwa chini ya Padri Astère Kana kabla ya Bambonanire, wamesomwa vibaya. Waliposukuma watu kugawana hawakuwa wanasema pande mbili zina haki sawa. Walikuwa wanalipa deni kwa kitu pekee walichokuwa nacho. Mkataba wa amani ya Burundi uliosainiwa Arusha Agosti 2000, katika Itifaki ya Nne, ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake, na pale isipowezekana alipwe fidia ya haki. Uliagiza pia kuwe na mfuko wa taifa wa waathirika. Tume ikapata meno ya kuamuru fulani aondoke. Mfuko wenye fedha za kumlipa anayeondoka, au anayekosa, haukupatikana. Katika nchi yenye watu zaidi ya 400 kwa kilomita ya mraba, ambako shamba la kaya ni kama nusu hekta, huwezi kumpa mtu ardhi ila umeitoa chini ya miguu ya mwingine. Kugawana ndiyo fidia iliyobaki.

Ilikuwa fidia mbovu, sikatai. Robo hekta hailishi familia, na mwenye nguvu kijijini hujua jinsi ya kuchagua nusu yenye maji. Ila watu walisaini mbele ya majirani, wakaweka mipaka, wakaanza kulima. Kilichofuata baada ya 2011 ndicho kinachonikera kuliko yote: mafaili ya watu waliokwisha kupatana yalifunguliwa upya, na aliyetoa nusu akaambiwa atoe na iliyobaki. Ukishafanya hivyo mara moja, nani tena atasaini chochote? Mwaka 2014 ikaongezwa mahakama maalumu ya ardhi. Mwaka 2015, Makamba ikiwa imechemka, Rais Nkurunziza mwenyewe akasimamisha kazi ya tume mkoani humo. Msimamo wa kurudisha yote ulikuwa umeishia kutorudisha kitu, angalau kwa wakati ule.

Na kuna kundi ambalo pande zote mbili zimelisahau, nalo liko kwetu. Waburundi zaidi ya 160,000 wa makazi yale ya zamani walipewa uraia wa Tanzania kuanzia 2014. Itifaki hiyohiyo ya Arusha iliruhusu asiyerudi naye afidiwe, ikiwa ardhi yake ilitwaliwa kinyume cha sheria. Wangapi wanalijua hilo Mishamo?

Nayaandika haya kwa sababu Sudan Kusini inaelekea njia hiyo. Mkataba wa amani wa Septemba 2018, katika sura yake ya tano, uliahidi mamlaka ya fidia pamoja na mfuko wake, na sheria ya kuiunda ilisainiwa mwishoni mwa 2024. Nyumba za waliokimbia Juba na Malakal zina watu ndani, na baadhi yao ni wakimbizi wa ndani waliopoteza za kwao kwingine. Wapo wanaotaka mamlaka ianze mara moja kutoa amri za kuhamisha watu, kwamba haki iliyocheleweshwa ni haki iliyonyimwa. Wapo wanaosema isianzishwe kabisa, mahakama na wazee wa kimila wanatosha. Hawa wa pili siwaelewi, maana mahakama gani ya Malakal itabeba madai elfu kwa elfu? Kwa wale wa kwanza nina sharti moja tu: sehemu ya mapato ya mafuta itengwe kwa sheria na iwe imeingia kwenye mfuko kabla amri ya kwanza ya kumtoa mtu haijatolewa, na kila amri itaje kiasi atakacholipwa anayeondoka na siku ya kulipwa. Bila hivyo waanze na kugawana, na makubaliano yakishasainiwa yasifunguliwe tena.