Bolti ya Bushi Ikigoma, Ikate

Mafundi wengi, hata walio hodari, huchomeka bomba refu kwenye mpini wa spana na kuning'inia juu ya bolti ya gari kuukuu mpaka kichwa kikatike. Siiungi mkono kazi ya namna hiyo. Kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma tu. Chuma kikishageuka kutu huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya ile kiliyokuwa nayo, na ndani ya tundu finyu hakina pa kutanukia. Kwa hiyo hubana, na nguvu ya mkono haiondoi kinachobana.

Nati zilizo wazi hazina tabu kubwa. Piga brashi ya waya kwenye hesi (mikato ya mzunguko ya bolti) zilizochomoza kabla ya kugusa spana, maana kutu ile ndiyo hukwama ndani ya nati ikianza kurudi. Nyunyizia mafuta ya kupenya, yaache yalale usiku kucha, rudia. Tumia boksi, yaani spana ya kikombe, ya pembe 6, kwa kuwa ya pembe 12 hula kona upesi. Nati ikisogea kisha ikawa nzito, irudishe kidogo, ongeza mafuta, endelea.

Tabu yenyewe iko kwenye bushi za mkono wa chini, ule mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na chasi. Bolti hupita ndani ya kibomba cha chuma kilichozungukwa na mpira, na humo, mafuta yasimofika kwa urahisi, kutu huvishikanisha viwili hivyo vikawa kitu kimoja. Dalili yake ni wazi: nati imetoka vizuri, lakini ukizungusha kichwa cha bolti kinajirudi chenyewe. Huo ni mpira unaojipinda. Bolti haijasogea hata kidogo. Kuipiga kwa nyundo hapo ni kuhatarisha mabano ya chasi, na bano likipinda gurudumu halikai tena pale linapotakiwa. Mimi nasema kata. Pitisha msumeno wa chuma kati ya bushi na bano, upande huu na upande ule, mkono huo wa chuma utoke na kipande cha bolti ndani. Bushi yenyewe ni ya kutupwa. Bolti mpya iwe na namba ileile kichwani, 8.8 kwa 8.8, 10.9 kwa 10.9, namba hiyo ndiyo kipimo cha uimara wake.

Boljointi, kiungo cha tufe kati ya mkono huo na gurudumu, ni habari nyingine. Usipige ncha yake. Legeza nati bila kuitoa yote, kisha gonga kwa nyundo nzito ubavuni mwa jicho linaloishika, mpaka iachie.

Kuhusu moto nina msimamo mkali. Kupasha nati ili itanuke ni sawa, lakini usiukaribishe kwenye shokapu: ndani mna mafuta, mara nyingi na gesi iliyoshindiliwa, na chupa yake inaweza kulipuka. Springi nayo ikipata moto hupoteza ugumu wake. Na nati ya juu ya shokapu iliyovikwa springi haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake, ikiruka inaua.

Wakati wa kurudisha, bolti za bushi za mpira ziingize bila kuzikaza mwisho. Shusha gari, uzito wote ukae kwenye magurudumu, ndipo ukaze. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira utabaki umejipinda kila gari linaposimama, na utachanika mapema.