Umeme tunao, kinachotukwamisha ni waya

Machi 2025 Rais Samia aliposema akiwa Kilimanjaro kwamba mikoa ya kaskazini italetewa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, watu waliwaka. Na hasira yao naielewa kabisa, yaani tumejenga Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115 kwa hela yetu halafu tukanunue nje? Tena kwa dola, na siku huko kukichafuka swichi iko mikononi mwao. Hiyo hoja siidharau hata kidogo.

Ila tuufuate huo umeme njiani jamani. Kutoka Rufiji unapanda laini ya kilovolti 400 (kilovolti ni kipimo cha msukumo wa umeme) mpaka Chalinze, safi, lakini ukitaka kwenda Moshi kupitia Hale unaingia kwenye laini ya zamani ya kilovolti 132, mamia ya kilometa, na sehemu yake inaishia kuwa joto tu la kupasha nyaya. Serikali ilisema wakati huo kwamba upotevu wa kupeleka umeme kaskazini unakula kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Sasa hapa ndipo watu wanapopita haraka: ukisafirisha umeme uleule kwenye waya uleule kwa kilovolti 400 badala ya 132, mkondo unashuka mpaka theluthi, na kwa kuwa joto la waya linafuata mraba wa mkondo, upotevu unashuka karibu mara tisa. Mara tisa! Tungekuwa tunaokoa umeme wetu wenyewe, bila kuongeza hata tone la maji bwawani.

Kaa na fundi wa kuchomelea kule Moshi saa moja jioni uone, umeme upo lakini mdogo, mashine inaunguruma tu fimbo haishiki, anakaa anasubiri saa nne usiku ndo amalizie geti la mtu. Najua transfoma ya mtaa nayo ina mchango, ila mwisho wa laini ndefu na nyembamba ndo hivyo.

Laini ya Singida–Arusha mpaka Isinya, Kenya, ya kilovolti 400 inapitisha umeme pande zote mbili, ikileta wa Ethiopia leo, kesho inaweza kupeleka wetu Kenya tukauza. Kwa hiyo mimi nasema tununue, mkataba uwe mfupi, na kelele zote tuzihamishie kwenye laini ya Chalinze–Dodoma, maana hiyo ndo ya kuunganisha Rufiji na Singida mpaka Arusha, na wale ambao laini inapita mashambani kwao walipwe fidia mapema kabla nguzo hazijasimama.