Waanze na vitabu vya injini
Makala inawasifu wafanyabiashara wa hapa Mwanza wanaotaka kununua ndege ndogo ya Cessna Caravan iliyotumika kwa safari za Bukoba na visiwani, kwa hoja kwamba bei yake ni nafuu. Kabla hawajalipa, waulize injini imebakiza saa ngapi za kuruka, kwa kuwa injini ya ndege hiyo, aina ya PT6A, kwa kawaida hufunguliwa kwa ukarabati mkubwa kila baada ya saa 3,600, na gharama yake hufika mamia ya maelfu ya dola. Kitabu cha matengenezo kikikosa kurasa, mimi singeinunua, hata rangi ing'ae namna gani. Aidha, ukanda wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali hewa huku huwa nyepesi na ndege hupaa kwa shida, hivyo kwenye viwanja vifupi shehena ya minofu ya sangara itabidi ipunguzwe.