Kadi sitini, simu moja

Nikimwambia mtu kwamba mimi ni kocha, swali la kwanza huwa ni Simba au Yanga. Nikishaeleza kwamba nakaa na watu wenye biashara ndogo, tunaongea kuhusu biashara zao mpaka wajue wanataka kufanya nini, linakuja la pili: "Kwa hiyo mtu anakulipa kwa kuongea?" Ananilipa, ndiyo, na anayeongea zaidi ni yeye. Mjomba wangu mpaka leo ananiita "kochi". Nimeacha kumsahihisha.

Utani huo umebeba tatizo lote la soko la kazi hii. Muuza maandazi anakuonyesha andazi. Fundi nguo anatundika gauni mlangoni. Bidhaa yangu mimi ni saa moja ya maongezi, mlango umefungwa, na yaliyosemwa humo sina ruhusa ya kuyatoa nje. Siwezi kuweka status ya "kabla na baada" kama wauza chai ya kupunguza tumbo. Mteja aliyenufaika nami kuliko wote ndiye nisiyeweza hata kumtaja jina. Ndiyo maana kila anayeingia kwenye kazi hii anapewa ushauri ule ule: toka nje, jenga koneksheni.

Neno lenyewe lina harufu. Kijana akiajiriwa bila kuitwa kwenye usaili, mtaani tunasema ana koneksheni. Kujuana nako kulishachafuka zamani, tunasema ajira za kujuana, tenda za kujuana. Ukikimbilia "mtandao", waliokuwa na akili zao mwaka 2005 watakukumbusha wanamtandao, ile kambi iliyompigania Kikwete ndani ya CCM, walikuwa kina nani. Sasa mtu anayekufuata ukumbini na tabasamu na kadi mkononi, wewe uliyekulia hapa unamsoma kabla hajafungua mdomo: huyu ana shida na mimi. Na kweli anayo.

Nilianza hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nililipa shilingi 150,000 kuingia kwenye mkutano wa wajasiriamali, nusu siku, ukumbi wa hoteli hapa Dar, sambusa mbili na juisi ya boksi. Kila mtu alikuwa na kitambulisho kinaning'inia shingoni, na nakumbuka jinsi watu walivyosoma kifua changu kwanza, kisha ndipo wakaamua kama uso unastahili kutazamwa. Niligawa kadi sitini. Nilizihesabu, maana zilichapishwa mia na nilirudi na arobaini. Wiki mbili nikangoja simu. Ikaja moja. Alikuwa dada anauza bima. "Namba yako nimeipata kwenye ule mkutano, dada yangu." Tulizungumza dakika kumi, yeye akiniuzia bima, mimi kimoyomoyo nikisubiri apumue nimuuzie ukocha. Hatukuuziana kitu.

Baadaye nikahamia kwenye makundi ya WhatsApp. Tangu 2022 kundi moja linaweza kubeba watu 1,024, na niliwahi kuwa kwenye manne ya aina hiyo. Saa kumi na mbili asubuhi bango la kwanza, saa sita usiku bango la mwisho, na katikati hakuna aliyesoma bango la mwenzake. Ni sawa na soko ambalo kila aliyekuja amekuja na kapu la kuuza. Nilitoka.

Kilichonipa wateja sikukipanga, kwa hiyo nisijifanye mjanja. Mwaka ule ule jirani yangu wa Tabata alinivuta kwenye kikoba chao. Nilikwenda kwa sababu nilihitaji kuweka akiba, basi. Tulikuwa wanawake ishirini na wanane, kila Jumamosi saa kumi jioni, kibarazani kwa mwenyekiti. Kwa asiyejua: sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti ili asiwepo hata mmoja wa kulifungua peke yake. Vikundi vya namna hii, vya hisa na mikopo ya wao kwa wao, vilianza Niger mwaka 1991 kwa mradi wa shirika la CARE, halafu vikasambaa Afrika nzima. Simu ikiita wakati wa kikao, faini elfu moja. Ukichelewa, faini. Nilikaa miezi minane humo na hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Walijua nalipa hisa kwa wakati na kwamba sijui kupika wali wa nazi wa watu wengi.

Kati yao alikuwepo mama mmoja muuza vitenge Kariakoo. Tulizoea kutoka pamoja, tukisubiri bajaji. Jioni moja, bila mimi kuuliza, akaniambia amechukua mkopo wa kausha damu kuziba pengo la nyumbani, na ule mkopo sasa unamla. Nikamsikiliza. Sikumpa ushauri, wala sikumwambia "unajua mimi ni kocha". Bajaji ikaja, tukapanda.

Baada ya hapo akakosa marejesho wiki tatu mfululizo. Jumamosi ya tatu hakutokea kabisa, na kibaraza kikawaka moto. Huyu anasema kaonekana na kitenge kipya, yule anasema mume kahama. Mtu mmoja akanigeukia: "Wewe dada si ndiyo huwa mnaongozana? Kuna nini?"

Nikasema, "Akija mtamwuliza mwenyewe."

Mmoja akasonya. "Haya, mtunza siri." Nilihisi kabisa kwamba nimechukiwa, na nilirudi nyumbani nikijilaumu, maana ungesema nimewanyima watu chakula.

Wiki mbili zikapita. Saa nne usiku mweka hazina akanipigia. Huyu ni mama mtu mzima, mwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, si mtu wa kupiga simu ovyo. Akazunguka kwanza kwenye hali ya hewa, halafu akauliza: "Hivi yule mwenzetu, wewe ulikuwa unajua?"

"Mama, tuongee la kwako."

Kimya. Nikasikia televisheni inapunguzwa sauti. "Jumatatu una nafasi?"

Mpaka leo naamini lile swali la kwanza lilikuwa mtihani. Hakuwa na haja ya jibu. Alitaka kuona kama nitalitoa.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na sijawahi kulisikia kwenye semina hata moja ya "jinsi ya kupata wateja". Katika kazi hii mtu hanunui maarifa yako, kwa sababu hana namna ya kuyapima. Anachoweza kukipima ni mdomo wako. Na mdomo haupimwi ukumbini kwa nusu siku. Unapimwa kwenye kikoba, kwenye kamati ya harusi wakati michango haitoshi na kila mtu anataka kujua nani hajatoa, jikoni msibani wakati wa kumenya viazi. Watu wanakutazama bila kukuambia wanakutazama. Kocha anayesimulia "nilikuwa na mteja mmoja, mama fulani, ana duka pale sokoni" akidhani anajitangaza, anayemsikiliza anawaza: kesho huyo mama fulani nitakuwa mimi.

Mweka hazina alikuja mara nne. Alilipa kidogo, bei ya mtu wa nyumbani, na sikulalamika, kwa sababu nilikuwa nahesabu saa. ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa 1995, linataka uwe na saa 100 za kukaa na wateja kwa cheti cha ngazi ya kwanza, 500 kwa ya pili, 2,500 kwa ya tatu. Wenzangu wengi huulizana zile mia za mwanzo zinapatikana wapi. Zangu nyingi nilizipata kibarazani na jikoni kwa watu, mmoja akinilipa kwa trei za mayai.

Mteja wa kwanza aliyelipa bei kamili hakuwa wa kikoba. Alikuwa wifi yake mweka hazina, ana shule ya chekechea Morogoro, sikuwahi kumwona. Kutoka kwake akaja mhasibu wake wa zamani aliyehamia Dodoma. Nilipoanza kuandika kwenye daftari nani kaletwa na nani, nikagundua ndugu zangu wa damu hawajaniletea hata mmoja. Wala si kwa roho mbaya. Wanaowajua wao nawajua mimi, na wao wenyewe wakinihitaji wanataka bure.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliliandika hili mwaka 1973. Aliwauliza watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliobadilisha kazi karibuni, na waliopata kazi kupitia mtu akawauliza huyo mtu walikuwa wanaonana naye mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisema mara moja moja, na 27.8 walisema kwa nadra sana. Wa karibu anajua unayoyajua. Habari mpya iko kwa wifi ya rafiki.

Makocha wengi wakizisikia takwimu hizi hukimbilia kukusanya watu wasiowajua: kadi sitini tena. Hapo ndipo naachana nao. Yule wifi wa Morogoro hakuniamini mimi. Alimwamini mweka hazina, na mweka hazina aliniamini kwa sababu ya Jumamosi moja niliyokataa kufungua mdomo. Ukiikata ile Jumamosi, Morogoro haipo.

Kuhusu kamisheni nitasema kwa kifupi. Baada ya wifi kulipa, mweka hazina alinichekea: "Na yangu iko wapi?" Tumezoea, hakuna mchongo bila cha mleta mchongo. Maadili ya ICF yanataka kocha atakayepata chochote kwa kumwelekeza mteja wake kwa mtu mwingine amwambie mteja huyo wazi. Nami nimeamua kuitumia kanuni hiyo hata kinyumenyume, kwamba nikimlipa mtu aliyeniletea mteja, mteja ajue. Nikamwambia mweka hazina hivyo. Akasema, "Basi, acha. Wifi yangu atadhani nimemuuza." Idi iliyofuata nilimpelekea doti ya kitenge, nimeinunua kwa yule mama wa Kariakoo, ambaye alimaliza deni lake na amerudi kikobani.

Na msiba uheshimiwe. Nimewahi kumwona mtu anagawa vipeperushi vya semina yake kwenye arobaini, watu hawajamaliza hata kula. Nikisema watu wanakupima jikoni msibani sina maana uende na shabaha. Ukienda na shabaha inaonekana usoni, kama vile kitambulisho cha shingoni.

Sasa ubaya wa njia hii, maana unao. Ni ya polepole mno. Kutoka hisa yangu ya kwanza mpaka mteja wa kwanza wa bei kamili ilipita karibu miezi kumi na minne, na muda wote huo nilikuwa naandika vitabu vya hesabu vya maduka matatu ili nile. Mwenye nyumba wangu, kama wenye nyumba wengi wa mji huu, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hajali kwamba nakuza uaminifu. Kwa hiyo kama umeacha kazi mwezi uliopita na kodi inadaiwa mwezi ujao, usinifuate mimi. Tafuta cha kukulisha kwanza, hata cha nusu siku. Mtu mwenye njaa hukata tamaa ya kunyamaza mapema sana.