Soya ndani ya mahindi: ukibana mistari, shina litasimama?

Huku Western Kenya kila msimu ubishi ni huo huo, soya ukiipanda ndani ya mahindi uibane ama uiachie nafasi. Kuna wa sentimita 5 kutoka mche hadi mche na kuna wa 10, na kila mmoja ako na shamba la kukuonyesha. Mimi nimejaribu zote mbili na naona tunabishania nusu tu ya mambo, manake tunahesabu miche na hatuangalii jua linaingilia wapi.

Shina linalegea hivi. Soya ikikaa chini ya mahindi, mwanga unaoifikia ni makombo, ule mwekundu mzuri umeshanyonywa na majani ya juu, na mmea ukisikia hivo unajua kuna jirani amekuzidi, basi unaanza kukimbilia juu. Pingili zinarefuka, shina linakuwa jembamba, na lignini, hiyo kitu inafanya shina kuwa gumu kama kijiti, inapungua. Huko Sichuan, China, wanapanda soya na mahindi kwa mikanda na watafiti wao wameipima hii kitu mara nyingi. Sasa ubane soya kwa soya tena, kila mche unapata kivuli mara mbili, cha mahindi na cha ndugu zake.

Msimu niliobana 5 ilinyesha jioni moja, mvua ya upepo, asubuhi nakuta laini nzima imelala, na haikulala ovyo, yote imeinamia upande ulio wazi kama watu wanachungulia dirishani. Niling'oa mmoja, nikaukunja kwa vidole viwili, haukuvunjika, ulipinda tu kama mrija wa soda. Maganda ya chini yalikuwa tayari na tope.

Lakini wa kubana si wajinga, tena hapa ndio watu wa sentimita 10 hunikasirisha kidogo. Mbegu ya soya inapoteza uhai haraka sana, ukiiweka kwa store yenye joto miezi kadhaa unaweza panda 10 zikatoka 5, kwa hivyo mtu akimwaga nyingi anajikatia bima. Halafu ikibanana ardhi inafunikwa mapema, palizi ya pili inakuwa nyepesi, na ganda la kwanza linakaa juu kidogo mbali na tope (kama halijalala, sawa). Na ile hoja ya kwamba ukiachia nafasi soya itajaza kwa matawi, hiyo ni ya shamba la soya peke yake. Chini ya mahindi haitoi matawi vile, kivuli kinaizuia, unabaki na shina nene kiasi, pengo katikati, na magugu yanakushukuru.

Ndio maana mimi hurudi kwa MBILI, ule upanzi uliojaribiwa sana Bungoma. Mahindi mistari miwili karibu karibu, sentimita 50, halafu unaacha mita 1, ndani ya hiyo mita unaweka mistari miwili ya soya iliyoachana 33. Piga hesabu uone. Kawaida ya mahindi, sentimita 75 mstari hadi mstari, na mstari mmoja wa soya katikati, kila mita 1 na nusu ina mistari miwili ya mahindi na miwili ya soya. MBILI pia ni hivo hivo! Miche kwa ekari haijabadilika hata mmoja, kilichobadilika ni mlango wa jua. Hata umbali wa soya na mahindi haujaongezeka, ni kama 33 badala ya 37, lakini upande mmoja soya imepakana na soya mwenzake badala ya ukuta wa mahindi.

Kwa hivyo kama bado uko kwa 75 na mahindi umeyapiga mbolea ya CAN yakanona, usibane soya 5, italala tu. Ukiwa na ile nafasi ya mita, 7 ama 8 naona inabeba, inafika kama miche 17 hadi 19 kwa mita mraba, na 5 naiachia mwenye mbegu mbovu. Na hiyo ya mbegu mbovu usikisie, funga mbegu 100 kwa kitambaa kibichi, hesabu zilizoota baada ya siku 5 hadi 7. Zikipita 80 hiyo bima ya kumwaga nyingi huihitaji, unajilipisha bure na shina ndio linagharamia.